Sukari Iingie Mwisho

Kwenye meza ya muuza matunda, pasheni zilizosinyaa ndizo hubaki hadi jioni. Mnunuzi huzipapasa, huchagua zile ngumu zenye ngozi laini inayong'aa, na zenye makunyanzi huzisukuma pembeni kama kwamba zimeshapitwa na wakati. Anayelijua tunda hufanya kinyume. Pasheni ya zambarau ikishaiva, ngozi yake hupoteza maji na kujikunja, huku rojo la ndani likipungua ukali na kuzidi kunukia. Kipimo cha kweli ni uzito. Pasheni yenye makunyanzi ambayo bado ni nzito kiganjani imejaa rojo; ile nyepesi, inayochezacheza ndani ukiitikisa, imeshakauka, na hiyo ndiyo ya kuachwa.

Kosa hilo la sokoni ndilo linalozaa kosa la jikoni. Pasheni isiyokomaa ni kali, na mpishi mwenye haraka haoni dawa nyingine ya ukali isipokuwa sukari. Basi kinamiminwa kikombe cha kwanza, kisha nusu nyingine ili watoto wanywe, na jagi lililokusudiwa kuwa la afya linageuka maji ya sukari yenye harufu ya pasheni. Inasikitisha, kwa sababu familia nyingi huanza kutengeneza juisi nyumbani ili kuikimbia soda.

Hesabu yake ni nyepesi. Jagi la lita 2 hujaza glasi 8 za mililita 250. Kikombe kimoja cha sukari kina takriban gramu 200. Zigawe kwa glasi 8, na kila mnywaji anapata gramu 25 za sukari ya kuongezwa, sawa na vijiko 6 vya chai, kabla ya kuhesabu ile iliyokuja na tunda. Soda nyingi za kola huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, yaani gramu 26 hivi kwa glasi kama hiyo. Pasheni zenyewe zikichangia gramu 5 tu kwa glasi, juisi ya nyumbani imeshaipita soda.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu katika chakula cha siku, na kwamba ni vizuri zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25 zilezile za glasi moja. Jambo ambalo wengi hawalijui ni maana ya hiyo sukari huru. Imo ya dukani, imo asali, na imo pia sukari ya tunda lililokamuliwa. Chungwa likitafunwa, sukari yake haihesabiwi humo. Chungwa hilohilo likikamuliwa, inahesabiwa.

Tofauti inatokana na jinsi tunda lilivyojengwa. Ndani ya chungwa, sukari imefungiwa katika vijifuko vyenye kuta za nyuzinyuzi. Meno huvunja baadhi, tumbo humalizia polepole, na mlaji hushiba akiwa amekula moja au mawili. Glasi moja ya maji ya machungwa, kwa upande wake, hula machungwa matatu hadi manne, nyuzinyuzi zake hubaki kwenye chujio, na glasi yenyewe huisha kwa mikupuo mitano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, ulikusanya taarifa za miaka mingi za wauguzi na wahudumu wa afya zaidi ya 180,000 wa Marekani. Waliopenda kula matunda mazima, hasa zabibu, matofaa na bluberi, walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata kisukari cha ukubwani. Waliozidisha juisi, hatari yao ilipanda. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba juisi ndiyo iliyowaponza, lakini unatosha kumfanya mtu aangalie mkono wake anaposhika kopo la sukari.

Hata hivyo hakuna haja ya kulivunja jagi. Mwambao haujapata kuishi bila sharubati, neno lililotoka kwa Waarabu kwenye mzizi uleule wa kunywa. Saa nane mchana ya mwezi wa pili, Tanga au Mombasa, mgeni aliyetoka juani hapewi chungwa akae kulimenya barazani. Hupewa kitu baridi cha kunywa, na mwenyeji huona fahari kumpa kilichotengenezwa kwa mikono yake. Linalotakiwa ni tunda liachiwe nafasi ya kufanya kazi yake, na sukari, kama lazima iwemo, iingie mwisho na kwa kijiko.

Kazi inaanzia kwenye kununua, kwa sababu si kila tunda huendelea kuiva likishachumwa. Embe, papai, parachichi na stafeli huendelea. Mtu anaweza kuyafunika kwenye gazeti au kuyaweka kwenye kapu siku mbili tatu yakalainika na kuwa matamu. Nanasi haliendelei. Rangi ya ganda inaweza kubadilika kuwa ya manjano na nyama ikalainika, lakini utamu uliokuwemo siku lilipokatwa shambani ndio huohuo. Ndiyo maana mananasi yanayotoka mashamba ya Kiwangwa, Bagamoyo, yanafaa kunuswa kitakoni kabla ya kulipiwa: lisilonukia litadai sukari nyumbani. Chungwa nalo haliongezi utamu likishachumwa, ingawa rangi yake humdanganya mnunuzi kwa namna nyingine. Katika nchi za joto chungwa lililoiva barabara hubaki na ganda la kijani, kwa kuwa ganda linahitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi. Machungwa ya Muheza ya kijani yanaweza kuwa matamu kuliko ya rangi ya dhahabu yaliyosafirishwa kutoka mbali.

Turudi kwenye pasheni, tunda linaloharibiwa na blenda kuliko mengine yote.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, na huko Bujumbura na Bukavu bado huitwa marakuja, jina lililosafiri kutoka Brazili. Hili jina la pasheni lina historia ya kidini: wamisionari wa Kihispania waliliangalia ua lake wakaona humo alama za mateso ya Yesu, taji la miiba na misumari. Ukilipasua tunda katikati, juu ya bakuli ili maji yasimwagike, utakuta mbegu nyeusi, kila moja imevaa kifuko chake cha rojo la rangi ya dhahabu. Mbinu yote ya juisi ya pasheni ni kuvivua vifuko hivyo bila kuzivunja mbegu. Mbegu ikivunjika hutoa chembe nyeusi na ukakasi, na ukakasi huo nao hudai sukari.

Anayetumia blenda aiguse tu: iwake kwa sekunde moja, izimwe, iwake tena, mara tatu basi. Asiye na blenda hajakosa kitu. Rojo la pasheni 20 limiminwe kwenye bakuli pamoja na nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha lipekechwe kwa kipekecho au likorogwe kwa nguvu kwa mwiko hadi mbegu zianze kuonekana tupu, zikizunguka peke yake. Limiminwe kwenye chujio, likandamizwe kwa mgongo wa kijiko. Machicha yanayobaki yasitupwe upesi. Yarudishwe kwenye bakuli, yaongezwe maji kidogo, yakorogwe tena na kuchujwa mara ya pili. Maji hayo ya pili huwa na rangi hafifu lakini harufu yake bado ni kamili. Sasa jaziliza maji safi hadi jagi lifike lita moja na nusu au mbili, kulingana na ukali wa pasheni zenyewe.

Hapo ndipo pa kuonja, kabla kopo la sukari halijafunguliwa. Mara nyingi juisi haihitaji utamu hata kidogo. Inahitaji maji zaidi, au chembe ya chumvi. Chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili hupunguza ukali na uchungu ulimini bila yenyewe kujulikana kwamba imo, na bibi wengi wa mwambao wamekuwa wakiitia katika juisi bila kumweleza mtu sababu. Baridi nayo ina hila zake. Ulimi uliopigwa na barafu hausikii utamu vizuri, na ndiyo maana soda iliyopata joto huonekana tamu kupita kiasi. Juisi iliyopoa kiasi cha maji ya mtungi huonekana tamu kuliko hiyohiyo ikiwa imejaa barafu, kwa hiyo anayependa vinywaji vya barafu tupu ndiye huyohuyo anayelazimika kuongeza sukari.

Kuna kosa jingine dogo linaloonekana karibu kila nyumba. Sukari hutiwa kwenye juisi ya baridi, inazama, inakaa chini kama mchanga. Glasi za kwanza zinaonekana hazijakolea, mpishi anaongeza, na anayepewa glasi ya mwisho, mara nyingi mtoto, anakunywa shira. Vijiko vitatu vya sukari vikiyeyushwa kwanza katika maji moto kidogo na kumwagwa kwenye jagi huenea sawasawa na hutosha pale ambapo kikombe kizima kilionekana hakitoshi.

Lakini dawa bora ya ukali ni tunda jingine. Embe dodo au boribo lililoiva, lenye nyama ya gramu 200 hivi, linabeba sukari isiyozidi gramu 30. Likisagwa na kuchanganywa na pasheni za jagi zima, kila glasi inapata gramu 3 au 4 kutoka kwenye embe hilo, badala ya 25 za kikombe cha sukari, na juisi inakuwa nzito, ya manjano iliyokolea, yenye harufu mbili zinazopendana. Ikiwa embe halina nyuzi nyingi, juisi hiyo ya embe isichujwe kabisa, maana ule uzito wake ndizo nyuzinyuzi ambazo chungwa lilizipoteza. Embe lenye nyuzi, kama yale madogomadogo ya kienyeji yanayokwama menoni, lichujwe kwa chujio la matundu makubwa.

Tunda linalostahili heshima kubwa zaidi katika habari hii ya kuchanganya ni ukwaju. Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya Kihindi, na wataalamu wa mimea wakaupa jina la Tamarindus indica, kana kwamba umetoka ng'ambo. Mkwaju ni mti wa Afrika. Unastahimili ukame, humea wenyewe katika nyanda kavu za bara, na Waswahili wameuita kwa jina lao bila kuliazima kwa mtu. Ukali wake unatoka hasa kwenye asidi ya tartariki, ambayo haiondoki hata tunda likiiva kabisa. Matunda mengi hupoa ukali yakiiva. Ukwaju huongeza sukari huku ukali ukibaki palepale. Ndiyo maana kinywaji chake hukata kiu kwa namna ambayo embe peke yake haliwezi.

Ukwaju hauendi kwenye blenda. Mbegu zake ni ngumu kama kokoto na zinaweza kuvunja visu vya mashine. Robo kilo ya ukwaju, ule unaouzwa umeshabanduliwa maganda na kushindiliwa kuwa bonge, husuuzwa haraka kuondoa vumbi, kisha hulowekwa katika lita moja ya maji yaliyochemka. Baada ya nusu saa, maji yakiwa ya kuvumilika, mkono uliooshwa vizuri unaingia bakulini. Hapo ndipo kazi inapopendeza: vidole vinafikicha, nyama inayeyuka kuwa uji wa rangi ya udongo, mbegu zinabaki zikiteleza kama kokoto za ufukweni, na nyuzi ngumu zinajikusanya zenyewe kiganjani. Zamani uji huo ulipitishwa kwenye kifumbu, ule mfuko wa ukili wa kuchujia tui. Leo chujio la plastiki au kitambaa safi kinatosha. Bakuli liwe la udongo, kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Ukwaju ukilala ndani ya sufuria ya alumini, asidi yake hula chuma na ladha hugeuka.

Badala ya sukari, tende. Tende nane zikitolewa kokwa, zikalowekwa kwenye maji ya moto na kusagwa, huingiza gramu 40 hivi za sukari kwenye jagi zima la lita 2, sawa na gramu 5 kwa glasi, pamoja na nyuzinyuzi zake. Kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje mbili za iliki humaliza kazi. Kwa kuwa ni mkali, ukwaju pia hukaa siku nyingi zaidi kwenye friji kuliko juisi ya embe au ya papai. Anayeunywa kwa wingi ajue kwamba huendesha tumbo. Wazee waliutumia kwa makusudi hayo.

Nanasi lina kituko chake. Anayelila kwa wingi huwashwa ulimi, na sababu ni kimeng'enya kiitwacho bromelaini, chenye kazi ya kuvunjavunja protini. Ulimi una protini. Maziwa pia yanayo, na ndiyo maana nanasi bichi likisagwa na maziwa na kuachwa kidogo, mchanganyiko huwa mchungu na kukatika. Papai nalo lina kimeng'enya cha ukoo huo, papaini, na juisi ya papai na maziwa inanyweka tu kama inanywewa palepale. Moto huviua vimeng'enya hivi. Maganda ya nanasi yaliyosuguliwa kwa brashi na kusafishwa vizuri, yakichemshwa na tangawizi pamoja na mchaichai, hutoa kinywaji chepesi chenye harufu yote ya nanasi na sukari ndogo kabisa. Kikipozwa, ni kinywaji cha mchana kinachopendeza kuliko juisi nyingi za gharama, na malighafi yake ni kitu ambacho kwingine hutupwa.

Chungwa na balungi vikamuliwe, visisagwe pamoja na mbegu na ule ukoko mweupe, kwa sababu humo ndimo ulimo uchungu unaozidi kadiri juisi inavyokaa. Stafeli lifikichwe kwa mkono kwenye maji au maziwa, na kila mbegu itolewe. Mbegu za stafeli zina sumu na hazifai kabisa kuingia kwenye blenda. Miwa ni bora iachiwe wenye mashine, kama wale wa Forodhani, Unguja, wanaoikamua na ndimu na tangawizi mbele ya mnywaji.

Tangu mwanzo juisi imeongezwa maji, na maji hayo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko sukari. Mwaka 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Kidudu chake hupita kwenye maji na vyakula vilivyochafuliwa, na juisi ni njia nyepesi kwake, kwa kuwa haipikwi. Maji ya juisi yachemshwe hadi yatokote kweli, yapozwe yakiwa yamefunikwa, ndipo yatumike. Wengi huyachemsha hayo, halafu wakatia barafu iliyogandishwa kwa maji ya bomba. Baridi haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya taifodi. Huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka kwenye glasi vinaamka. Barafu nayo igandishwe kwa maji yaliyochemshwa. Matunda yaoshwe kabla ya kukatwa, hata lile ambalo ganda lake litatupwa, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu hubeba uchafu wote hadi kwenye nyama. Na ubao uliokatiwa kuku au samaki asubuhi usikatiwe embe mchana.

Juisi ikishakuwa tayari, saa inahesabu. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, jagi lisikae mezani zaidi ya saa moja au mbili. Baada ya hapo vijidudu huzaana, na hamira iliyo hewani na kwenye maganda huanza kuigeuza sukari kuwa pombe. Povu la juu na ule mchomo wa ulimini ndiyo dalili yake. Kwenye friji, ndani ya chombo chenye kifuniko, juisi nyingi hufaa kwa siku moja hadi mbili. Vitamini C hupungua kadiri inavyokutana na hewa, mwanga na joto, kwa hiyo jagi la jana halilingani na la leo hata kama ladha haijabadilika. Anayeitafuta vitamini hiyo hasa angelitazama pera: gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 200, karibu mara nne ya chungwa, na ni tunda ambalo watoto hulichuma mtini wakati mama yao akinunua machungwa sokoni.

Kwa nyumba yenye friza, na umeme usiokatikakatika, kuna njia nzuri kuliko kulaza juisi. Rojo la pasheni au uji mzito wa ukwaju, kabla ya kuongezwa maji, humiminwa kwenye trei za barafu. Vikishaganda, vijipande hukusanywa kwenye mfuko safi na kufungwa. Vipande vitatu au vinne kwenye glasi ya maji vinakuwa barafu na juisi kwa pamoja, wakati wowote mgeni anapobisha hodi, na hakuna jagi la kumwagwa asubuhi.

Wapo pia ambao jagi hili linapaswa kuwapita au kuwafikia kwa kipimo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hahitaji juisi kabisa. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa msimamo huo mwaka 2017, na tunda laini lililopondwa linamfaa zaidi, akishaanza kula. Mgonjwa wa kisukari afaidi tunda zima kwa kiasi alichoelekezwa, na asidanganywe na maneno kwamba sukari ya tunda haina madhara. Mwenye figo dhaifu amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa matunda mengi yana potasiamu ambayo figo zake zinaweza kushindwa kuitoa. Balungi lina jambo lake la pekee: huzuia mwili kuzivunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za kushusha lehemu, hadi zikajaa kwenye damu kupita kiasi. Anayemeza dawa kila siku aulize kabla ya kunywa.

Hakuna wakati jagi la juisi linapofanya kazi kubwa kuliko Ramadhani. Mfungaji aliyepitisha kiu mchana kutwa hufungua kwa tende na maji, kisha mkono unaenda kwenye glasi ya juisi, ya pili, na ya tatu, na kopo la sukari la nyumba nyingi huisha mapema mwezi huo. Miaka hii kalenda imeleta faraja. Mwezi wa mfungo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, na sasa unaingia ndani ya msimu mkubwa wa maembe ya mwambao, ule wa kuanzia Novemba hadi Februari. Mwaka 2028 Ramadhani itaanza mwishoni mwa Januari, 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 zitakuwa mbili, moja mwanzoni mwa mwaka na nyingine mwishoni mwa Desemba. Jioni za futari za miaka hiyo, dodo na boribo zitakuwa zimejaa sokoni Darajani, Unguja, na Kongowea, Mombasa, kwa bei ya msimu, na embe moja lililoiva likisagwa ndani ya jagi la ukwaju litatosha kuupoza ukali wake kabla mtu hajakumbuka kuuliza sukari iko wapi.